CG125 yangu inagonga chini na mkia unacheza: ninunue shokapu gani?

Ndugu mshauri,

Nina Honda CG125 ya zamani, ya spoki na breki za ngoma mbele na nyuma. Kila alfajiri inabeba madumu mawili ya maziwa ya lita 20 mpaka kituo cha kukusanyia, kilomita 14 za barabara ya udongo yenye rasta na mashimo. Jioni mara nyingi napakia mtu. Mimi mwenyewe nina kilo 74. Madumu nayafunga kwenye keria, nyuma kabisa, kwa sababu siti naiacha wazi.

Shida zenyewe ni hizi. Nikiingia shimo nikiwa na mzigo, nyuma inagonga "ko!" kama chuma kimepiga chuma, na chini ya madigadi kuna alama ya kusuguliwa na tairi. Nikitoka kwenye tuta, siti inaendelea kudunda mara tatu au nne kabla haijatulia. Kwenye kona mkia unayumba kama tairi imepungua upepo, ingawa upepo upo. Tairi ya nyuma inalika upande mmoja. Cheni nikiikaza leo, nikipakia mtu inakaza kama waya. Nikiilegeza, inapiga kelele. Shokapu ya kulia inavuja oili, ya kushoto ni kavu.

Nimeuliza mafundi watatu. Wa kwanza anasema niweke shokapu za Boxer ambazo ni ndefu kwa sentimita mbili. Wa pili anasema aongeze kipande cha bomba juu ya springi ili zikaze. Wa tatu anasema atatoboa ile inayovuja, ajaze oili ya injini namba 40, kisha achomelee. Nimfuate yupi? Na je, naweza kubadilisha ile moja inayovuja tu?

Mwenye CG, Njombe

*

Ndugu yangu wa Njombe,

Pole na kazi ya alfajiri, na ahsante kwa kueleza dalili moja moja. Umeandika kama una tatizo moja, lakini ndani ya barua yako mna matatizo mawili. Ukiyachanganya utanunua shokapu mpya leo na kesho mkia utaendelea kucheza vilevile. Kugonga chini na kudundadunda ni mambo ya shokapu. Kuyumba kwenye kona na tairi kulika upande mmoja ni mambo ya swingamu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma) na bushi zake (vishikizo vya pale inapoungana na fremu). Usitoe hata shilingi ya shokapu kabla hujajua hali ya swingamu.

Kipimo ni rahisi. Weka pikipiki kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Mkono mmoja ushike tairi kwa nyuma kabisa. Wa pili uweke pale swingamu inapoungana na fremu, kidole gumba kikiwa nusu juu ya fremu na nusu juu ya swingamu. Sukuma na kuvuta tairi kulia na kushoto. Kidole kikihisi vyuma viwili vinaachana na kurudiana, bushi zimekwisha. Tairi ikicheza lakini kidole kisihisi chochote, kagua beringi za gurudumu. Ukitaka uhakika usio na shaka, toa gurudumu na shokapu zote mbili, shika ncha za swingamu tupu uzitikise kwa upande. Inatakiwa ipande na kushuka, lakini kwa upande isiende popote.

Usidharau mchezo mdogo hapo. Chukua bushi zilizoachana sentimita 20, na swingamu yenye urefu wa sentimita 45. Bushi moja ikisogea mbele nusu milimita na ya pili ikirudi nyuma nusu milimita, kule kwenye ekseli gurudumu limeshahama zaidi ya milimita 2. Likihama linageuza uso wake kidogo, yaani nyuma nako kunapiga usukani bila wewe kutaka. Huo ndio mkia unaocheza, na hakuna shokapu ya bei yoyote itakayouzuia.

Bushi za CG ni bomba dogo la chuma ndani, bomba kubwa la chuma nje, na katikati mpira ulioshikamana na yote mawili. Hazizunguki. Swingamu inapopanda na kushuka, mpira ndio unaojipinda na kujinyoosha. Ukilielewa hilo utaona kwa nini bushi mpya hufa mapema mikononi mwa fundi mwenye haraka. Anakaza boliti ya swingamu gurudumu likiwa linaning'inia hewani, akidhani amemaliza. Ukishusha pikipiki chini na kuikalia, mpira tayari umepindwa, na kila shimo linaupinda zaidi upande uleule mpaka unachanika. Boliti hiyo huingizwa na kushikizwa tu. Hukazwa mwisho pikipiki ikiwa imesimama kwa matairi yake na mtu amekaa juu. Kosa la pili ni kupaka grisi kwenye mpira. Grisi inaula. Grisi ni ya boliti peke yake, isipate kutu ikang'ang'ania ndani ya bushi.

Kwenye pikipiki ya umri wa yako, huenda boliti imeshang'ang'ania. Mwagia oili ya kulegeza kutu pande zote mbili jioni, iache ilale, asubuhi uisukume kwa kipande cha shaba. Ukiipiga nyundo moja kwa moja utaharibu nyuzi na kupanua kichwa, kisha haitoki tena. Bushi zenyewe nazo zisitolewe kwa nyundo, kwa sababu bomba la swingamu likipoteza uviringo bushi mpya haitashika. Tafuta fimbo yenye nyuzi ya milimita 12, nati mbili, washa nene, na kipande cha bomba ambacho bushi inapita ndani yake. Panga hivyo vitu juu ya fimbo na ukaze nati taratibu, bushi itavutwa itoke. Ikigoma, pitisha msumeno wa chuma ndani, ukate bomba la nje la bushi kwa mstari mmoja, ukisimama kabla hujagusa swingamu. Likishapata ufa linalegea. Kuingiza mpya ni kwa fimbo ileile. Ukizilaza bushi kwenye friza usiku mmoja zinasinyaa kidogo na kuingia kwa upole. Ukikuta mwenye pikipiki wa zamani aliweka bushi za plastiki au za shaba, hizo huzunguka kwenye bomba lake, kwa hiyo ndizo zinazotaka grisi.

Sasa shokapu. Ndani ya kila moja kuna wafanyakazi wawili. Springi inabeba mzigo. Pampu ya oili inaizuia springi isicheze ngoma baada ya kubanwa. Kudunda mara tatu au nne maana yake pampu imekufa. Iliyo nzima, ukibonyeza siti na kuachia, inapanda mara moja na kutulia. Na hiyo ya kushoto iliyo kavu usiiamini kwa ukavu wake: huenda oili ilikwisha zamani na vumbi likafuta ushahidi. Ifungue, ishike wima, ibane kwa uzito wa mwili uachie. Ikirudi kwa kishindo bila kusita, haina kitu ndani.

Kubadilisha moja tu, hapana. Upande mmoja ukisukuma kwa nguvu kuliko mwingine, swingamu inasokotwa, na bushi zako mpya zinaharibika tena. Shokapu hununuliwa jozi.

Ile "ko!" ya chuma ina chanzo chake. Kwenye fimbo ya shokapu, chini ya kofia ya juu, hukaa mpira mfupi unaopokea pigo springi inapofika mwisho. Kwenye shokapu za zamani mpira huo huoza ukamomonyoka. Ukishatoweka, fimbo inaingia sentimita moja au zaidi kupita ilivyokusudiwa, na ndipo tairi inapopata nafasi ya kulamba madigadi. Angalia pia namba ubavuni mwa tairi. Kama mahali pa 3.00 mtu aliweka 3.50, tairi imepanda kwa zaidi ya sentimita moja, na madigadi haikupangiwa hiyo.

Kuhusu mafundi wako watatu, nianze na wa tatu. Oili ya injini namba 40 ni nzito mno kwa matundu ya pampu ya shokapu. Asubuhi ya baridi ya Njombe nyuma itakuwa ngumu kama gogo, na springi haitawahi kurudi kati ya shimo na shimo. Kwenye rasta nyuma itazidi kuzama kila mita. Shokapu zinazofunguka huwekwa oili nyepesi ya shokapu, au oili ya gia otomatiki ikikosekana. Lakini nyingi za CG zimefungwa moja kwa moja na hazikutengenezwa zifunguliwe. Moto wa kuchomelea unafika mpaka kwenye sili (mpira unaozuia oili isitoke), na sili ikishaungua shokapu inavuja upya ndani ya wiki. La hatari zaidi, shokapu za gesi zina naitrojeni yenye mgandamizo ndani. Kutoboa au kuchomelea ya namna hiyo kunaweza kumuua mtu. Mwombe fundi huyo aache kabisa, kwa ajili yake mwenyewe.

Wa pili, wa kipande cha bomba juu ya springi, anafanya kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya. Kuibana springi mapema, iwe kwa bomba au kwa kuzungusha ile pete yenye ngazi ya kurekebishia springi, hakuifanyi iwe ngumu. Kunainua siti tu. Springi inayozama milimita 16 kwa kilo 50 itaendelea kuzama milimita 16 kwa kilo 50. Kipande kikiwa kirefu, koili zitafikia kugusana kabla fimbo haijafika kwenye mpira wake, na hapo springi inavunjika au kofia ya juu inapasuka. Pete ya ngazi itumie kwa kazi yake: kurudisha kimo unapopakia mtu, kisha uishushe ukiwa peke yako.

Ugumu wa springi unatoka kwenye unene wa waya, upana wa koili na idadi ya koili. Unene ndio mkubwa wao. Waya wa milimita 7 ukibadilishwa na wa 7.5, kila kingine kikibaki vilevile, ugumu unapanda karibu theluthi. Ndiyo maana dukani usinunue kwa macho. Nenda na venia (kifaa cha kupimia unene), pima waya mahali ambapo rangi imetoka.

Ili ujue unahitaji ugumu gani, azima mifuko miwili ya saruji ya kilo 50. Pikipiki isimame wima kwa matairi yake, mtu aishike usukani. Weka alama ya chaki kwenye fremu juu ya ekseli, pima kutoka katikati ya ekseli mpaka kwenye alama. Laza mfuko mmoja juu ya siti, usawa wa ekseli kabisa, pima tena. Ongeza wa pili, pima tena. Tuseme kila mfuko unashusha milimita 16. Sasa mzigo wako: kilo 74 zako, kwa kuwa umekaa mbele ya ekseli, zinaweka nyuma kama kilo 50. Madumu mawili yaliyojaa ni kama kilo 42. Yangekaa juu ya ekseli yangebaki 42, lakini wewe umeyafunga nyuma. Tuseme yako sentimita 40 nyuma ya ekseli, na kati ya ekseli mbili kuna mita 1.2 na ushee: nyuma inahisi kama kilo 56, na gurudumu la mbele limepunguziwa kilo 14. Jumla nyuma ni kama kilo 106, sawa na milimita 34 za kuzama, juu ya zile 10 hivi ambazo pikipiki ilizama kwa uzito wake yenyewe. Kama mwendo wote wa gurudumu, kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa, ni milimita 80, umeshatumia 44 kabla hujakutana na shimo la kwanza.

Lenga mzigo wako wa kila siku utumie kama theluthi ya mwendo, na mzigo mzito kabisa usizidi nusu. Kwa springi ya theluthi moja ngumu zaidi, zile 44 zinakuwa kama 33, juu kidogo ya theluthi lakini chini ya nusu, hali inayokufaa. Utakaporudi na madumu matupu utaisikia ngumu kidogo mgongoni. Hilo ni gharama ya kubeba maziwa, na naona inakubalika kwa kazi yako.

Kwa hiyo fundi wa kwanza ana nusu ya ukweli. Shokapu za Boxer zilizotengenezwa kwa springi ndani ya springi zimefikiriwa kwa mtu wa aina yako: springi mbili zinagawana kazi, nyepesi ukiwa peke yako, ngumu mzigo ukiongezeka. Tatizo ni sentimita mbili za urefu. Nyuma ya pikipiki ikipanda milimita 20 na zaidi, pembe ya usukani inabadilika kama digrii moja, mbele panakuwa pepesi na pa haraka, hasa kwenye mchanga. Cheni inaanza kusugua juu ya swingamu, na stendi ya kati haiinui tena gurudumu. Na kumbuka kwamba urefu wa shokapu iliyonyooka hauzuii tairi kugusa madigadi. Kinachozuia ni urefu wake ikiwa imebanwa mpaka mwisho. Mimi sivuki milimita 10 juu ya urefu wa asili.

Ukienda dukani beba shokapu yako ya zamani mkononi. Pima katikati ya tundu la juu mpaka katikati ya tundu la chini, kipenyo cha matundu, upana wa bushi, na umbo la mguu wa chini, kama ni duara au uma. Tundu kubwa kuliko boliti lisizibwe kwa kipande cha kopo. Litapiga kelele ndani ya siku mbili na kula boliti. Zishike mbili za boksi moja, ubane moja baada ya nyingine. Zinatakiwa zirudi kwa mwendo mmoja, polepole, bila mlio wa hewa. Fimbo iwe na kromu laini. Ukipitisha ukucha na ukakwama, iache, maana mkwaruzo huo utakata sili.

Nyumbani, kabla ya kufunga, zisimamishe wima kama zitakavyokaa kwenye pikipiki na uzibane taratibu mara nane au kumi. Huenda zimelala dukani muda mrefu na hewa kidogo ikaingia kwenye njia ya oili. Ukiziona zina alama ya upande wa juu, ifuate. Zikigeuzwa juu chini nyingi hazifanyi kazi. Fungua moja, funga mpya, kisha nyingine, ili swingamu isidondoke. Kabla ya kukaza, hakikisha washa zimerudi kwenye mpangilio wake. Nati za nyuzi za milimita 10 zinatosha kwa nguvu ya Nm 35 hivi, yaani mkono mmoja kwenye spana ya kawaida bila kuongeza bomba. Zikikazwa kupita hapo, mpira wa tundu unabanwa na shokapu inashindwa kujigeuza.

Cheni yako haina ugonjwa, imekazwa tu wakati usiofaa. Inakaza kuliko wakati wote pale spoketi ya mbele, boliti ya swingamu na ekseli zinapokuwa kwenye mstari mmoja, na hali hiyo unaifikia ukiwa umepakia. Fungua mfuniko wa cheni, mkalishe mtu au wawili mpaka vitu hivyo vitatu vinyooke, kisha uache mchezo wa milimita 10 hapohapo. Ukiwa mtupu itaonekana imelegea, nawe usiiguse. Cheni inayokaza kama waya inavuta beringi ya spoketi ya mbele ndani ya injini, na hiyo ni gharama kubwa kuliko shokapu mbili. Gurudumu ulinyooshe kwa uzi uliovutwa kutoka tairi ya nyuma kwenda ya mbele, pande zote mbili. Zile alama za kwenye swingamu usizitegemee kwa pikipiki ya umri huo.

Madumu yahamishe leo, kabla ya matengenezo yoyote. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu mbili za pembeni, moja kila upande, dumu likae chini na katikati yake iwe usawa wa ekseli au mbele yake kidogo. Zifungwe kwenye fremu ya pikipiki, zisining'inizwe kwenye boliti za juu za shokapu. Kwenye boliti hizo masikio ya fremu hupasuka polepole, na ufa wake haukosi kujificha chini ya tope. Ukiosha pikipiki, pitisha kidole hapo.

Fedha zikiwa hazitoshi kwa yote mara moja, anza na bushi na madumu, kisha shokapu. Mpaka hapo punguza mwendo ukiwa na mzigo, na mtu wa jioni umsamehe, kwa sababu mkia unaocheza ukiwa na abiria ni hatari kwenu wote wawili. Zikishafungwa mpya, funga uzi mwembamba kwenye kila fimbo ya shokapu unakoweza kuifikia, uusukume mpaka kwenye sili, uende na maziwa kama kawaida. Ukirudi, utaukuta uzi umehamia pale fimbo ilipofika safari nzima. Ukiwa umebaki sentimita moja kabla ya mpira, springi zako ni sahihi. Ukiukuta umebandikwa kwenye mpira kila siku, panda unene wa waya kwa nusu milimita. Kilomita 100 zikitimia, rudia kukaza nati zote nne na boliti ya swingamu, pikipiki ikiwa chini na mtu amekaa juu.